Dawa ya Profesa Tone

Profesa Tone hakuwahi kukanyaga chuo chochote, ila siku ile alipokwenda kuwauzia wanafunzi saa zisizo na mashine ndani. Uprofesa alijitunuku mwenyewe, siku alipomsikia mama mmoja dukani akilia kwamba samaki wake wa mapambo wamekufa wote baada ya kubadilishiwa maji. Muuzaji akamweleza: maji ya bomba yana klorini ya kuulia vijidudu, nayo huwachoma samaki matamvua wanayopumulia. Tiba yake ni bure. Kinga maji kwenye ndoo, yaache wazi mpaka kesho, klorini itapaa yenyewe.

Yenyewe! Profesa alitoka dukani moyo ukimdunda kwa furaha. Kitu kinachoondoka chenyewe, alijiambia, kinamngoja mtu wa kudai kuwa ndiye aliyekifukuza.

Basi akawa anajaza maji ya bomba kwenye vichupa, anabandika picha ya samaki anayecheka, anawauzia wafuga samaki wa mjini.

"Matone matano kwa ndoo," aliwaagiza kwa sauti ya mtu anayesoma wasia. "Halafu iache wazi hadi kesho. Ukiharakisha, mimi simo."

Samaki wakaishi. Watu wenye shahada zilizotundikwa ukutani wakamshukuru kwa mikono miwili, na hakuna hata mmoja aliyeuliza ndoo inaachwa wazi ya nini. Kabla ya mwaka kuisha alikuwa na pikipiki nyekundu, aliyoipenda kuliko alivyowahi kumpenda binadamu.

Asubuhi moja akabisha kwa mteja mpya, mama mtu mzima mwenye miwani mizito.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti. Mimi nimefanya kazi maabara ya idara ya maji miaka thelathini."

Profesa alikalia ukingo wa kiti. Mama akamimina dawa ya Profesa kwenye glasi, akadondoshea matone ya kupimia. Maji yakawa manjano.

"Umanjano huo ni klorini," alisema kwa upole. "Dawa yako, mwanangu, ndiyo ugonjwa wenyewe. Jumamosi chama cha wafuga samaki kinakutana. Nitawaonyesha."

Profesa alipiga magoti. Alimwita mama mzazi, akataja watoto wanne ambao hajawazaa. Mama akashusha pumzi, akaleta dumu na glasi nyingine. Safari hii matone yakadondoka na maji yakabaki meupe kabisa.

"Hii ndiyo dawa ya kweli, nimeitengeneza kwa mikono yangu. Ninayo madumu kumi. Lakini mimi miguu imechoka, baba. Ningepata chombo, binti yangu angekuwa ananipeleka kliniki."

Wote wawili wakatazama dirishani, pikipiki ilipoegeshwa.

Iliuma, lakini Profesa alishaanza kuota. Dumu moja atalizimua lizae vichupa elfu! Akatoa ufunguo huku akimsikitikia kikongwe asiyejua thamani ya mali yake. Hata matone ya kupimia aliongezewa bure.

Jumamosi akajipeleka mwenyewe chamani, suti imenyooka, akasimama mbele ya ukumbi kama bwana harusi. Akapima dawa ya dumu: nyeupe. Wanachama wakapiga makofi.

"Safi," alisema mfamasia mmoja aliyekaa mbele. "Sasa itie kwenye maji yaliyokingwa bombani sasa hivi."

"Kwa raha zangu!" Profesa akamimina nusu kikombe, akadondosha matone. Manjano. Akamimina kikombe kizima. Manjano vilevile.

Mfamasia akanusa dumu, akaonja. "Haya ni maji ya bomba yaliyokaa wazi siku mbili, bwana. Klorini imepaa yenyewe."

Mtu aliyekula mwaka mzima kwa neno hilo moja akalinusa dumu mwenyewe. Aibu ilimchoma hadi masikioni.

"Yule mama wa maabara," alinong'ona, "mwenye miwani mizito..."

"Maabara gani?" Mwenyekiti alikunja uso. "Yule ni fundi cherehani, alikuwa mpangaji wangu. Kahama juzi, kapakiwa kwenye pikipiki nyekundu, hakuaga mtu."

Kisha mwenyekiti akatoa mfukoni kichupa chenye samaki anayecheka, akajaza glasi, akachukua matone mwenyewe. Ukumbi mzima ukasogea kutazama rangi.

Profesa hakungoja. Alipenya mlango wa nyuma, akakimbia hadi uani, mkono mmoja mfukoni ukipapasa kutafuta ufunguo wa pikipiki. Nyuma yake wenye shahada walikuwa wakishuka ngazi, na walikuwa wepesi kuliko alivyodhani.