Ukuta Mweusi wa Jenerali

Jumapili, 11 Agosti (Kliwon, katika juma la Kijava la siku tano)

Mkutano wa mtaa. Mwenyekiti, Pak Mulyadi, ametangaza kwamba Siku ya Uhuru mwaka huu, mbali na mbio za magunia na kupanda nguzo iliyopakwa grisi, kutakuwa na shindano la samaki wa sebuleni. Jaji atapita nyumba kwa nyumba. Zawadi ni feni ya mezani. Feni ninazo mbili. Ninachotaka ni kumwona Pak Hardono akinipigia makofi.

Hardono ni jirani wa ukuta kwa ukuta, mwalimu mkuu mstaafu. Kama mimi, anafuga lohan, samaki mwenye nundu kwenye paji la uso. Nyuma ya tangi amebandika picha ya bahari yenye matumbawe na kasa. Samaki wa maji baridi! Na mtu huyu amefundisha jiografia miaka thelathini. Mimi nimeziba pancha miaka thelathini, sijawahi kubandika kiraka cha baiskeli kwenye lori.

Samaki wangu ni Jenerali. Mwekundu, nundu sentimita saba, anakula uduvi mkononi mwangu. Tatizo ni kilicho nyuma yake: rangi ya kijani iliyopauka, waya wa taa, msumari wa kalenda. Anaonekana kama kipande cha nyanya kilichosahauliwa kwenye sahani.

Sulastri, mke wangu, amekuwa akiudai ukuta huo miaka minne ili aweke cherehani yake. Alisikia habari za shindano, akatabasamu. Sikulipenda tabasamu lile.

“Tuwekeane ahadi, Baba Ratri,” akasema. “Jenerali akishinda, cherehani sitaitaja tena. Akishindwa, tangi linatoka sebuleni siku hiyo hiyo.”

Nilikubali kabla hajamaliza. Mtu mwenye samaki kama yule anaogopa nini?

Jumatatu, 12 Agosti (Legi)

Nimepata. Nyuma pawe peusi! Chekundu mbele ya cheusi huwaka. Muuza samaki sokoni anayo karatasi nyeusi ya kubandika, kwa bei ya tairi la pikipiki. Nikamwambia mimi nimejenga nyumba kwa mpira mweusi, leo niununue?

Karakana kulikuwa na tyubu ya lori isiyozibika tena. Nikaipasua, nikaiosha, nikakata sentimita mia kwa arobaini, nikaibandika nyuma ya tangi kwa nje. Gundi ya pancha kingo zote nne. Gundi yangu haijawahi kunirudishia mteja. Nikawasha taa.

Mabaka! Mpira ulipogusa kioo, peusi. Usipogusa, kijivu. Sulastri akasema ukuta umeota mapunye. Kisha akaenda kuchukua tepu yake ya kushonea, akaanza kupima nafasi ya cherehani. Mbele yangu.

Jumanne, 13 Agosti (Pahing)

Mafuta! Nikafungua ukingo wa juu, nikamimina nusu chupa ya mafuta ya nazi kati ya mpira na kioo, nikasugua hadi baka la mwisho likafa, nikafunga tena. Sulastri anatafuta mafuta ya kukaangia tempe ya soya. Bado hajaniuliza waziwazi.

Lakini uzuri wake! Jenerali kama kaa la moto gizani. Nilikwenda kuazima ngazi kwa Hardono. Ngazi siihitaji, nilitaka anisaidie kuibeba hadi ndani. Akaingia, akasimama mikono nyuma kama anayesimamia mtihani.

“Pamependeza, Pak Wagiman,” akasema. “Ila kioo kikiwa na weusi nyuma huwa cha kujitazama. Samaki wako ataona mwenzake mle ndani.”

Nikamshukuru. Wivu ukivaa miwani, watu huuita elimu.

Jumatano, 14 Agosti (Pon)

Sisimizi. Msururu unatoka jikoni, unapanda ukuta, unaishia kwenye mpira. Sulastri ameufuata kwa macho hadi mwisho, sasa anajua mafuta yako wapi. Chakula cha mchana: tempe ya kuchemsha.

Jambo la pili. Jenerali anapigana. Amejipanga uso kwa uso na weusi, mapezi wazi, anaupiga kwa mdomo. Kumbe Hardono alisema kweli.

Moyo uliruka, lakini kwa furaha. Kila mfuga lohan anajua: mwonyeshe samaki kioo dakika kumi kwa siku, hasira itajaza nundu. Dakika kumi! Jenerali anacho mchana na usiku. Dakika 1,440 kugawanya kwa kumi ni 144. Siku tatu zilizobaki ni sawa na mazoezi ya siku 432. Hadi Jumamosi nundu haitaenea kwenye tangi.

Taa haizimwi. Hardono hajui alichonipa.

Ijumaa, 16 Agosti (Kliwon)

Ijumaa ya Kliwon, siku nzito kwa Wajava. Marehemu mama hakuanza jambo lolote siku hii. Mimi sikuwa naanza. Nilikuwa namaliza.

Jenerali amepauka. Mdomo umechubuka. Uduvi hataki. Nimepima nundu: sentimita sita! Amejibanza pembe ya mbele, mgongo kwa adui.

Nikaenda kubandua mpira. Haubanduki. Nimejaribu kisu, nimejaribu maji ya moto. Petroli Sulastri alininyang'anya mlangoni. Gundi yangu mwenyewe!

Sulastri hakucheka. Alizima taa, akafunika tangi kwa kitambaa chake kizuri cha batiki. Adui akatoweka. Jenerali akatulia, mashavu yakaanza kwenda taratibu.

“Mtoe kwenye shindano apumzike,” akasema. “Cherehani imengoja miaka minne, haitakufa ikingoja zaidi.”

Nilikaribia kukubali. Neno lilikuwa mdomoni. Ndipo nikamsikia Hardono, ng'ambo ya ukuta, akimwimbia samaki wake.

Jumamosi, 17 Agosti (Legi)

Uhuru. Jaji ni mama mmoja, Bu Retnaningsih, mfuga samaki mwenye mabwawa yake. Aliingia na kamati nzima, watu tisa. Nikangoja wote wakae. Nikavuta kitambaa, nikawasha taa.

Jenerali alimwona adui, akageuka, akajichimbia nyuma ya chujio. Haukubaki hata mkia. Likabaki tangi jeusi linalong'aa, tupu.

Bu Retnaningsih akainama. Akatazama kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha ushungi wake. Nyuma yake Pak Mulyadi akagundua punje ya wali kwenye masharubu, akaitoa. Wengine wakaanza kupanga foleni.

“Linaonyesha vizuri sana,” jaji akasema. “Samaki yuko wapi?”

Hardono naye hakushinda. Jaji alimuuliza samaki wa mtoni amefikaje baharini. Nilipiga makofi hadi Pak Mulyadi akanishika mkono. Feni imekwenda kwa Bu Sumirah, muuza mboga za mchuzi wa karanga, kwa samaki wanne wa ukubwa wa kidole ndani ya beseni la plastiki.

Alasiri tangi limetoka sebuleni. Hardono alishika upande mmoja bila kuombwa. Tulilibeba, washindwa wawili. Alipolitua alisema bahari yake ataibandua. Nikamwambia ilikuwa inapendeza. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Jumapili, 18 Agosti (Pahing)

Jenerali sasa anaishi karakana. Mafuta yalikuwa yameila gundi polepole, na tulipolitua tangi jana mpira ulitoka kama soksi. Amekuwa mwekundu tena. Amekula uduvi saba. Sulastri ameniletea chai karakana, jambo ambalo halijawahi kutokea, akarudi kwenye cherehani yake, na sauti yake ya kuimba inafika hadi barabarani. Wateja wenye pancha hawalalamiki tena wakingojeshwa. Wanamtazama Jenerali.

Mtu mwingine angeridhika. Lakini nyuma yake sasa kuna rundo la matairi na bango la breki, na samaki wa cheo chake hastahili bango la breki.

Nimekaa nikatafuta kosa lilikuwa wapi. Si rangi. Ni hesabu. Ukuta mmoja mweusi ulimletea adui mmoja, na adui mmoja hana kazi nyingine ila kupigana na Jenerali. Kuta tatu zitaleta maadui watatu. Watatu hawawezi kuelewana. Watapigana wao kwa wao, na Jenerali atakaa katikati kama mwenyekiti wa mtaa.

Vipande viwili vya mpira vimeshabandikwa. Cha tatu nangoja gundi yake ikauke. Safari hii mafuta sitatia hata tone, ili kisibanduke.