Mbwa Aliyebeba Pumu

Mji mzima wa Xalapa unajua kwamba mbwa mdogo wa aina ya chiwawa akilala na mwenye pumu, anaibeba pumu yote. Eleuterio hakuamini upuuzi huo. Ila alikuwa na chiwawa, Obispo, mbwa ambaye ungemuuza Guatemala na bado angerudi nyumbani. Basi aliposikia Doña Crescencia, muuza tamale za unga wa mahindi sokoni, akilalamikia kifua cha mwanawe, macho yalimwaka kama fisi aliyesikia msiba.

Akamuuzia Crescencia mbwa huyo. Baada ya siku chache mbwa akarudi kwa Eleuterio, akauzwa kwingine, na kwingine tena.

"Mbwa wako ametoroka," wateja walimwambia.

"Amekwenda kufa na pumu yenu. Mtoto anakohoa?"

"Wiki hii hapana."

"Basi mwombeeni marehemu."

Pumu nyepesi ndivyo ilivyo: inabana siku ya ukungu, kisha inapotea wiki kadhaa kama mgeni aliyeombwa kuosha vyombo. Mjanja hajawahi kupata mshirika mzuri hivyo. Eleuterio akavaa viatu vya ngozi ya mamba.

Lakini marehemu alikuwa akilala kitandani mwake. Asubuhi moja Eleuterio aliamka anakohoa, kifua kinapiga filimbi. Je, kama ule uongo ni kweli, na mbwa ameitua kwake pumu ya mtaa mzima?

Akambeba Obispo mbio hadi kwa Crescencia.

"Mchukue, doña. Bure."

Crescencia aliijua filimbi ile. Mwanawe alizidiwa wakati Obispo yuko nyumbani, hadi daktari akasema ni manyoya. Tangu hapo Crescencia alitembea na pampu ya bluu ya dawa ya pumu kwenye aproni.

"Pumu ya mtaa mzima ni mzigo, kaka. Vua viatu."

Akavua.

"Na soksi."

Humo ndimo zilimokuwa pesa za watu. Crescencia akazitia kwenye aproni, akatoa pampu.

"Kaa wima. Toa pumzi. Vuta polepole, ishikilie. Tulia kidogo, tena."

Filimbi ikafifia.

"Umeipokea pumu?" Eleuterio aliuliza.

"Nipokee nini? Ni yako mwenyewe. Nenda zahanati upewe pampu yako, utembee nayo. Na usilale na mbwa. Manyoya yanakubana, mjinga wewe."

"Na viatu vyangu?"

"Mwombee marehemu."

Alikwenda zahanati pekupeku. Jioni akamsubiri Obispo mlangoni, kwa mazoea. Hakurudi. Crescencia alikuwa amempa muuza nyama, mtu asiye na pumu, ila ana mifupa.