Nundu ya Ng'ombe wa Mama

Jumatatu, 4 Desemba 1961
Nkwabi, dereva wa lori la pamba, kampelekea Mzee Maige mtamba mzima! Mimi, karani mwenye baiskeli mbovu, nitampataje Dorotea, binti wa mzee? Mzee anampenda anayejua ng'ombe. Ng'ombe wangu ni mmoja, wa pichani. Picha ya kale ya Ulaya, wino mweusi mtupu: mtoto kalala ubavuni mwa ng'ombe. Sista mmoja alimwachia marehemu mama, aliyekuwa akiwafulia masista. Mama alisema yule mtoto ni mdogo wangu. Nikawa namlisha uji. Doa liko mdomoni mwake hadi leo. Ee mama! Nazitamani siku zile. Lakini kesho naipeleka picha Ilemela, kwa Mzee Maige.

Jumanne, 5 Desemba
Balaa! Nimemwamkia Mzee shikamoo, nikampa. Kaitazama, kauliza nundu iko wapi. Nikasema ng'ombe wa Ulaya hawana. Kacheka hadi ugoro ukamwagika. Akasema huyo mgonjwa, na ni mzazi gani anayemlaza mtoto na ng'ombe mgonjwa? Kanirudishia. Nkwabi alikuwepo. Alicheka kuliko wote, fisi yule.

Jumatano, 6 Desemba
Akili ni nywele, na zangu ni msitu! Nimechukua wino wa ofisini, nikamchora ng'ombe nundu. Nundu haswa! Wino ukatiririka, ukamfunika mtoto. Nikafuta kwa kitambaa cha maji. Uso umeondoka wote, na doa la uji. Nimelia. Sina tena mdogo wangu.

Ijumaa, 8 Desemba
Mji mzima unafagia na kupamba. Dorotea kapita, nikamwonyesha. Hakucheka. Akasema Nkwabi hajawahi kulilia kitu chochote. Kisha kaniazima picha yake aliyopewa na masista alipomaliza shule: mtoto kambeba kondoo. Akasema ndicho kitu pekee alichobaki nacho cha utoto wake. Inifariji, halafu Jumapili nimrudishie nyumbani kwao, mbele ya baba yake.

Jumamosi, 9 Desemba
Uhuru! Ngoma kila kona. Mimi niko ndani, naitazama. Nzuri, machozi yananilenga. Lakini kondoo huyu! Mkia mwembamba, wa panya kabisa. Wa kwetu mkia wake unajaza sahani. Mzee Maige akiuona kesho nitamwambia nini?

Kosa la Jumatano lilikuwa kalamu nene. Leo ninayo nyembamba.