Kufuli Lenye Picha Yangu

Leo nimeadhirika, jamani. Na mvi zangu zote hizi.

Asubuhi nilipigiwa simu kutoka kiwanda kidogo cha kukamua alizeti, kule Mikese. Mashine imegoma. Mimi kazi yangu ni kutengeneza draivu, kile kisanduku cha umeme kinachoiamuru mota izunguke kwa kasi gani. Nimeifanya tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. (Nawaambia ili mjue nilifika pale na kiburi kiasi gani.)

Nilipokewa na Rehema, binti kutoka mtaa wa Bigwa, ambaye ndiye anayeendesha mashine hiyo. Yeye na wenzake niliwafundisha mwenyewe.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mgonjwa yuko wapi?"

Kabla ya kugusa chochote nikafuata utaratibu wetu. Nikashuka chumba cha swichi, nikazima swichi kubwa, nikaifunga kwa kufuli langu. Kufuli lina kadi yenye picha yangu na maandishi: HATARI. FUNDI YUKO KAZINI. Ufunguo nikatia mfukoni. Hapo hakuna wa kuwasha umeme ila mimi, na kufuli la mtu haliguswi na mwingine. Sheria hiyo niliwafundisha mimi, tena kwa ukali.

Tatizo lilikuwa dogo. Waya umelegea. Nikaukaza kwa bisibisi, kazi ya robo saa. Nikasema tunywe chai kwanza. Ikaja na mihogo ya kukaanga, na mimi nikila mihogo hukumbuka hadithi. Nikasimulia mpaka birika likakauka. Rehema peke yake alibaki ndani akifagia.

Tukarudi. "Rehema, washa!"

Akabonyeza. Kimya. Hata taa moja haikuwaka!

"Bonyeza tena."

Kimya.

Meneja akatokea. "Vipi, fundi? Magunia ya wakulima yamefika mlangoni."

Fundi mwenye akili angepima kwanza kama umeme unafika. Kipimo kilikuwa kiunoni kwangu. Mimi nikakunja uso kama daktari bingwa.

"Draivu imeungua," nikasema. "Kuna mtu kaichezea tukiwa kwenye chai. Nani alibaki humu?"

Wote wakamtazama Rehema.

"Rehema," meneja akasema, "nenda ofisini ukaandike maelezo. Halafu uache funguo za kabati, uende nyumbani."

Binti hakulia, hakubisha. "Sawa, bosi. Ila naomba kwanza babu ashuke nami mara moja. Kuna mtu nataka anitambulishe."

Tukashuka. Meneja nyuma yetu, wapakiaji wa magunia nyuma yake. Rehema akasimama mbele ya swichi kubwa.

"Babu, huyu mzee unamfahamu?"

Nikajiona. Nimening'inia pale, natabasamu, kwenye swichi iliyozimwa. HATARI. (Kweli kabisa.)

"Mbona hukusema mapema?" meneja akamuuliza.

"Aliponiambia niwashe, nilijua ameshatoa kufuli lake. Mlipoanza kunihukumu ndipo nikakumbuka kwamba tangu chai sijamwona akishuka huku."

Ulimi wangu ulishaanza kuandaa uongo: nilikuwa nawapima tu! Ungeweza kupita. Lakini nikamkumbuka mwenzangu mmoja wa ujanani. Alibebeshwa kosa langu, nikanyamaza, akafukuzwa kazi. Sikumwona tena kumwomba radhi. Uzito wake ninao mpaka leo.

"Kosa ni langu," nikasema kwa sauti, mbele ya wote. "Nimesahau kufuli, halafu nikamsingizia. Rehema, nisamehe, mwanangu."

Nikatoa ufunguo mfukoni, nikafungua. Mashine ikanguruma. Na watu wakanguruma! Mpakiaji mmoja akapiga kelele, "Babu, hiyo kadi ibandike kwenye paji la uso, ukipotea tukurudishe!" Meneja alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. Kisha naye akamwomba Rehema radhi.

Rehema akaniletea kikombe kingine. "Yameisha, babu. Kunywa chai. Ila hadithi hapana."

Nashukuru, jamani. Namshukuru Mungu kwa aibu hii, maana ile ya ujanani niliikwepa, na kosa lile sikuweza kulirekebisha tena. Namshukuru na binti huyu. Angeweza kwenda zake kwa hasira, nami ningeagiza draivu mpya kutoka Dar huku ile nzima ikinitazama.

Haya, chekeni. Ila kwanza kila mtu apapase mfuko wake.