Mashimo Tisa, Wadhamini Sitini

Lonnie Straub hakujua gofu hata chembe, ila harufu ya pesa aliijua hata zikiwa zimefungiwa kwenye debe. Siku hiyo alikuwa mgahawani, mji wa Tamsen, Iowa, akila pai ya tufaha kwa mkopo, akamsikia mama wa meza ya jirani akimlalamikia mhudumu. Mama huyo alikuwa Marlys Huebner, kocha wa gofu wa chuo kidogo cha pale. Timu ilikuwa na wachezaji saba na kocha mmoja, na huyo mmoja ndiye dereva, ndiye mfua fulana. Wakubwa walikuwa wamemwambia kwamba asipopata dola elfu tano kufikia Jumamosi, timu inavunjwa.

Lonnie akahamia meza yake na kujitambulisha kuwa bingwa wa kuchangisha. Jumamosi yafanyike mashindano ya wafadhili, kila shimo la uwanja liwe na bango la aliyelichangia, dola mia bango moja. Yeye angechukua asilimia kumi tu.

"Mashimo tisa ni dola mia tisa," Marlys akasema. "Nyingine zitatoka wapi?"

"Dunia ina watu wakarimu, Kocha. Niachie mimi."

Marlys akamtazama viatu, kisha akakubali.

Mpango halisi wa Lonnie ulikuwa kuuza na kutoweka. Shimo la kwanza alimuuzia daktari wa meno, lake peke yake. Akamuuzia na muuza mbegu, nalo likawa lake peke yake. Mwenye duka la majeneza alitaka la mwisho, akalipata pamoja na wenzake sita asiowajua. Kila mmoja aliombwa asitangaze, jirani wasije wakaona wivu, na watu wa Tamsen kwa kunyamaza hawajambo. Kufikia Alhamisi alikuwa ameuza mabango sitini.

Balaa ni kwamba hakuna aliyempa noti. Watu wale mchango huuandikia hundi, tena kwa jina la timu. Binti wa benki akamweleza kwa upole kwamba bila sahihi ya kocha hizo ni karatasi tu. Maskini Lonnie, jasho lote lile! Akampelekea Marlys hundi zote, angalau aambulie asilimia kumi.

"Sitini," Marlys akasema. "Na mashimo ni tisa."

"Nilikwambia watu ni wakarimu."

"Kweli kabisa. Chako utapewa Jumamosi, mbele ya watu. Kwa sasa chukua nyundo, kachomeke mabango."

Mtu mwenye akili angekimbia. Lakini dola mia sita ni dola mia sita, na tamaa mbele, mauti nyuma.

Jumamosi shimo la kwanza lilikuwa na mabango ishirini na mawili. Wenyewe wakaanza kuyasoma, kisha kutazamana, kisha kumtafuta Lonnie kwa macho. Daktari wa meno alikuwa ameshakunja mikono ya shati. Ndipo Marlys akashika kipaza sauti.

"Ndugu zangu, mabango yamezidi kwa sababu timu ilikuwa inakufa, na Bwana Straub hakuweza kumkatalia mtu. Sasa imepona. Naye, kwa mapenzi yake, ameniambia kamisheni yake yote iende kwa vijana. Si ndivyo, Bwana Straub?"

Watu sitini wakamgeukia, wakingoja jibu.

"Ndivyo, Kocha," Lonnie akasema.

Makofi yakalipuka. Lonnie naye akapiga, kwa nguvu kuliko wote.