Hati ya Mjerumani Isiyopita Mabamba

Kijiji cha Kumsenga,
Kibondo.
14 Agosti 1996

Kwa Mchunguzi wa Maombi ya Hataza,
Dar es Salaam.

Ndugu Mchunguzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mafaili yako. Mimi ni yule Marselino Mpawenimana niliyeomba hataza, yaani hati ya mvumbuzi, kwa ajili ya kikamulio changu cha asali: pipa la mninga, skrubu ya mti na mpini mmoja. Masega yanaingia juu, asali inatoka chini, hakuna anayeminya kwa mikono. Umenijibu kwamba chombo hicho si kipya, kwa sababu kilikwisha kuelezwa katika hati ya Kijerumani ya mwaka 1926. Hati yenyewe umeitaja kwa namba tu, na nakala umesema nijitafutie "katika maktaba iliyo karibu", ndani ya siku tisini. Nimejitafutia. Malalamiko yangu ni haya.

1. Maktaba iliyo karibu ni kabati la shule yetu. Mwalimu Nestori alivunja kufuli kwa heshima yako, maana ufunguo ulipotea zamani. Ndani tulikuta wavu wa mpira, nusu ya ramani ya Afrika na kitabu cha kilimo cha pamba, zao ambalo huku hatulimi. Mjerumani hakuwemo.

2. Niliandika Ujerumani. Wakajibu, kwa Kijerumani. Nikampelekea barua mzee Felisiani, ambaye baba yake alikuwa askari wa Wajerumani, na ambaye miaka yote ametuambia kwamba lugha hiyo anaijua. Ikaonekana anajua maneno manne, yote ya kuamrisha. Aliitazama barua nzima akiwa amesimama wima, kisha akaniambia, "Ego, ndiyo mwanangu, hapa wanasema haraka." Haraka ya nini, hakujua.

3. Hati hiyo imeingiaje nchini? Mimi nilipita Mabamba, pale mpakani, mwaka 1972 nikitoka Burundi, nikaulizwa jina la baba, jina la babu, jina la kilima chetu na kama nimechanjwa. Nimerudi Mabamba kuuliza. Ofisa wa zamu, mtu mpole, alipekua daftari lake akaniambia hakuna Mjerumani aliyepita, wala karatasi yake. Ndugu Mchunguzi, kwa miaka ishirini na nne mimi mtu naulizwa karatasi. Hiyo ni karatasi, na hakuna aliyeiuliza mtu wake yuko wapi. Imeaminiwa hata kabla haijafika. Jambo hili limeniuma sana.

4. Nimewazungukia warina asali sitini na mmoja, kutoka hapa hadi Kitanga, na wote wameweka dole gumba kwamba hawajapata kusikia habari za chombo cha namna hii. Mjane Maximilla aliweka dole mara mbili kwa hasira, kwa kuwa vidole vyake vimekwisha kupinda kwa kuminya masega. Orodha nimeambatanisha. Samahani kwa asali iliyogandisha kurasa.

5. Kwa hiyo naomba usawa. Kuanzia mwezi ujao naanzisha hati za Kumsenga. Mke wangu Dorcas ametoa ukuta wa jikoni, nami nachora kwa mkaa vyombo vyote vya huku: mizinga, vinu, mtego wa panya wa shemeji yangu. Mjerumani yeyote atakayeomba hataza kwao, akataliwe kwa hati ya Kumsenga, ukuta wa jikoni, namba saba. Nakala ajitafutie mwenyewe. Tunafungua Jumanne, ila si wakati Dorcas anapika. Ikibidi, niteuliwe mchunguzi wa Wajerumani wote. Ofisi sihitaji, ukuta upo.

6. Hili nimeliandika na kulifuta mara tatu. Kila karatasi ya serikali yenye jina langu inaanza na neno mkimbizi: kitambulisho, kibali cha kusafiri, hata kadi ya zahanati. Sikuomba hataza ili nitajirike. Niliomba ili, kabla sijafa, iwepo karatasi moja inayosema Marselino Mpawenimana, mvumbuzi, na watoto wangu waione. Siwezi kukubali kunyang'anywa neno hilo na mtu ambaye hata hodi hakupiga.

Naomba basi hati hiyo ya kigeni irudishwe kwao kwa njia iliyokuja nayo, nami nipewe yangu. Natamka rasmi kwamba kikamulio changu hakifanani na cha mtu mwingine, kimekamilika, na hakina la kujifunza kwa yeyote.

Nisalimie wote hapo ofisini, anayepiga taipu, anayebandika stempu na mlinzi wa mlangoni. Dorcas naye anakusalimu, ingawa kwa ufupi.

Ni mimi, ninayengoja kwa adabu,
Marselino Mpawenimana

N.B. Nilikwisha kufunga bahasha, nimeifungua tena. Shamsi, mwenye duka Kibondo mjini, ameniletea sasa hivi kifurushi kutoka Ujerumani. Ndiyo hati yenyewe: ukurasa wa kwanza, wa pili na wa nne. Maneno siyajui, lakini michoro naisoma. Ni kikamulio changu. Skrubu ni ile ile, mpini ni ule ule. Katika ukurasa wa pili Mjerumani amechora matone yakivuja chini ya pipa, pale pale panapovuja langu, jambo ambalo kwenye maombi sikulitaja. Nimejaribu nta, ulimbo na mpira wa baiskeli, mwaka wa tatu sasa, hapazibi. Katika ukurasa wa nne hapavuji. Ndugu Mchunguzi, maombi yangu yaweke pembeni kwanza. Nitafutie ukurasa wa tatu.