Habari za Kuteremshwa kwa Ubao wa Darasa la Tatu

Wekeni chini simu zenu, enyi wazazi na walezi, enyi walimu wa zamu, nanyi nyote mliowahi kuketi katika dawati la mtoto magoti yakagusa kidevu. Wekeni chini mnitegee sikio, kwa maana ninasimulia vita vilivyopiganwa mchana kweupe katika darasa la tatu, chumba cha pili kutoka bombani, vita ambavyo ndani yake ukuta usio na hatia uliponea chupuchupu, fundi mmoja akatimiza ahadi siku ileile aliyoitoa, na ubao mweusi, uliokaa mahali pake miaka mingi kuliko mwalimu yeyote wa shule ile, ukateremshwa shibiri mbili.

Shibiri mbili kamili. Asiyeshtuka na asubiri.

Ubao huo ulitundikwa zamani na majitu yasiyojulikana, kwa bolti nne nene kama vidole gumba, na kimo chake kilikuwa kimo cha wafalme: ukingo wake wa chini ulilingana na utosi wa mtoto wa kawaida wa darasa lile. Watoto thelathini na wanane, walipotaka kuandika, walisimama juu ya ncha za vidole vya miguu wakabanana katika ukanda mwembamba wa chini, wakijumlisha na kutoa humo kama wapangaji waliopewa chumba kimoja. Na huko juu, katika uwanda mpana wenye nuru, alitawala peke yake mwalimu wao, Mwalimu Mlingoti, mrefu wa mikono, mpenda mwandiko mzuri, ambaye kwa mazoea ya kupita milangoni aliinamisha kichwa hata akiwa katikati ya uwanja.

Na katika pembe ya chini, upande wa kulia, ndani ya kisanduku kilichochorwa kwa chaki, palikuwa na neno moja: USIFUTE. Ni nani aliyeliandika, na ni kitu gani alichokuwa akikilinda, hakuna aliyejua, kwa kuwa ndani ya kisanduku hamkuwa na kitu kingine chochote. Lakini amri ni amri. Walimu walifuta kote wakalizunguka, na kila lilipofifia, mwalimu wa zamu alilikoleza kwa chaki mpya, kwa adabu, kama anayepamba kaburi la mtu mkubwa. Mimi mwenyewe nilianza kusoma katika chumba hichohicho, alasiri, katika darasa la watu wazima. Neno hilo ndilo la kwanza nililolisoma bila kusaidiwa, nami nikalitii siku hiyohiyo.

Sasa na aingie shujaa. Ni binti yangu, kitindamimba wa nyumba yetu, ambaye wenzake walimwita Kisoda kwa kuwa alikuwa mdogo kama kizibo cha chupa, na mkali pembeni vilevile. Kisoda alipoinua mkono wake wote na kujinyoosha mpaka mbavu zikahesabika, vidole vyake viligusa ukingo wa mbao wa ule ubao, vikaishia hapo.

Na Mwalimu Mlingoti alikuwa na desturi ya kutisha. Kila mwisho wa muhula, kila mtoto alisimama ubaoni mbele ya wote, akagawanya hesabu moja kwa njia ndefu. Aliyeshindwa mara ya kwanza alionywa. Aliyeshindwa mara ya pili aliandikiwa barua ya nyumbani. Aliyeshindwa mara ya tatu alirudia darasa. Muhula wa kwanza Kisoda alipandishwa juu ya kiti. Kiti kikayumba, naye akaanguka na dasta ikamfuata kichwani, darasa likacheka hata la nne wakaja kuchungulia. Muhula wa pili alipoitwa hakuinuka. Alisema tu, "Sijui, mwalimu." Ikaja barua: *Hawezi kugawanya.* Niliisoma mwenyewe, herufi kwa herufi, na kwa mara ya kwanza nikatamani ningekuwa bado sijui kusoma.

Maana nyumbani huyu mtoto aligawanya kila kilichokaa kimya. Aligawanya vifungo vyangu, akagawanya vigae vya sakafu, akawagawanya kaka zake katika makundi mawili na kubakiza mmoja.

"Mbona hapa unaweza?" nikamuuliza.

"Hapa naweza, Mama. Kule siwezi."

"Kule kuna nini?"

Akainua mabega, akarudi kwenye vifungo vyake. Habari ya kiti hakunisimulia. Niliijua baadaye, kama mtakavyosikia.

Basi ikawa, siku chache kabla ya mtihani wa tatu, waraka ulishuka kutoka ofisi za juu, wenye muhuri mbichi, ukiagiza kwamba wanafunzi washirikishwe katika kupanga upya mazingira ya shule yao. Mwalimu Mkuu, mshika funguo, mlinzi wa mihuri, aliusoma mara tatu. Kisha akagawa karatasi, akatangaza kila mtoto achore shule anayoitaka. Na Alhamisi, saa nne, baraza kuu likakutana katika darasa la tatu huku watoto wakiwa mapumzikoni. Tulikuwa watano: yeye, Mwalimu Mlingoti, Mwenyekiti wa kamati ambaye kazi yake ni duka la viatu, mimi niliyechaguliwa kuwasemea wazazi, na Fundi Kesho, mwashi, seremala na mchomeleaji, aliyepata jina hilo kutokana na jibu lake la kudumu.

Michoro ikapekuliwa. Palikuwa na bembea tisa na bwawa lenye papa. Palikuwa na choo chenye komeo kwa ndani, kilichochorwa na wasichana kumi na mmoja, nacho kikawekwa kando kwa maneno "tutaliangalia." Kisha ukafika mkononi mwa Mwenyekiti mchoro wa Kisoda: mstatili mweusi mrefu, umesimama karibu na sakafu, na kando yake kijitu kidogo kilichonyoosha mkono mpaka katikati yake.

Mwenyekiti akasimama. Akafunga kifungo cha koti.

"Ndugu wajumbe," akanguruma, "nimeona! Huu ni mlango! Mtoto huyu mdogo ameona tusichoona sisi wenye mvi. Chumba hiki kina mlango mmoja. Ukizuka moto, thelathini na wanane watapita wapi? Nasema ukuta ule ufunguliwe, na vizazi vitakavyopita hapo vitauliza: ni nani waliokuwa katika kamati?"

"Ni kweli kabisa," akasema Mwalimu Mkuu, akiandika. "Na waraka utakuwa umetekelezwa."

"Mlango ni mzuri," akasema Mwalimu Mlingoti, "ila uwe mrefu."

Hapo Fundi Kesho, kwa ajabu isiyoelezeka, hakusema kesho. Labda ni kwa sababu kuvunja ni kutamu kuliko kujenga. Akachora mlango ukutani kwa mkaa, akatema mate viganjani, akainua nyundo kubwa kama jemadari aliyefika lango la mji, akashusha. Plasta ikadondoka. Mwenyekiti akapiga makofi. Nyundo ikapanda mara ya pili.

Nami, ambaye katika vikao vyote vya kamati nilikuwa nimesema "naafiki" na "tumalizie kwa sala" tu, nikasikia sauti yangu ikitoka.

"Samahani. Mwenyewe ameulizwa?"

Nyundo ikabaki hewani.

"Mama Kisoda," akasema Mwenyekiti kwa upole, "mtoto amekwisha kusema, kwa mchoro. Sisi kazi yetu ni kumwelewa."

"Nimesikia, baba. Lakini yupo hapo nje, anaruka kamba."

Wakatazamana. Waraka ukasomwa tena, haukukataza. Kisoda akaitwa, akaingia na kamba yake shingoni, vumbi hadi magotini, na nyuma yake dirisha likajaa vichwa vya darasa zima.

"Shikamooni."

"Marahaba. Mwanangu," akasema Mwenyekiti, "waambie wazee: huu mlango wako, unataka ufungukie ndani au nje?"

Kisoda akautazama mchoro, akamtazama Mwenyekiti, akautazama ukuta uliochubuka.

"Mlango gani?"

"Huu hapa."

"Huo si mlango. Huo ni ubao."

Wajumbe wakasimama kama jeshi lililovamia mji wa jirani kwa makosa.

"Ubao mbona uko chini hivi?" akauliza Mwalimu Mkuu.

"Ndiyo nataka uwe hapo. Ule siufikii. Nikipanda kiti kinaanguka, kina miguu mitatu na nusu."

"Kweli mwalimu, alianguka puu!" likapasuka dirisha. "Na dasta ikampiga!"

Mimi nikakiangalia kiti kile pembeni ya meza, na mguu wake uliopachikwa kipande cha tofali, nikaelewa barua yangu upya kuanzia herufi ya kwanza. Mwalimu Mlingoti naye alikuwa akikiangalia. Lakini ufalme wake ulikuwa umeguswa.

"Wajumbe," akasema, akijinyoosha mpaka nywele zikafuta utando wa buibui, "nimefundisha chini ya ubao huu miaka kumi na minne. Mgongo huu haujainama kwa mkaguzi wala kwa mvua. Leo mnataka niiname kwa darasa la tatu?"

"Usiiname, mwalimu," akasema Kisoda. "Wewe andika juu. Ya chini ni yetu."

"Na nikitaka kusahihisha ya chini?"

Akafikiri kidogo. "Hapo utainama. Lakini kidogo tu."

Dirisha likacheka. Mwalimu Mlingoti akajipangusa utando wa buibui nyweleni. Mwalimu Mkuu akagonga meza: na ushushwe! Kipimo kikawa mkono wa Kisoda mwenyewe, aliyesimama ukutani kwa nyayo zote mbili, bila kujinyoosha, vidole juu. Na tofauti kati ya vidole vyake na katikati ya ubao, kama mchoro ulivyotaka, ikapatikana kuwa shibiri mbili za Fundi, naye akatia alama ya mkaa.

Ndipo adui wa kweli alipojitokeza. Fundi Kesho akaziangalia zile bolti nne zilizokula kutu, akajikuna.

"Hizi zinataka mafuta, zinataka spana kubwa. Nitakuja kesho."

Kesho! Na kesho, kipindi cha kwanza, ndio mtihani wa kugawanya. Nilimwona Kisoda akihesabu kimya kimya. Hakulia wala hakusihi. Alikwenda hadi kwenye sanduku la vifaa la Fundi, akaketi juu yake, akakunja mikono.

"Mtoto, inuka, nataka kwenda."

"Kesho," akasema Kisoda.

Jamani, dirisha nusura ling'oke! Hata Mwalimu Mkuu aligeuka upande kujifanya anakohoa. Fundi Kesho alimtazama adui yule mwenye kimo cha ndoo, akaona usoni pake uchovu wa kungoja ambao wateja wake wote kwa miaka yote walikuwa nao ila hawakuwahi kuuketisha juu ya sanduku lake. Akacheka, akavua koti.

Nisimulieje yaliyofuata? Bolti ya kwanza ilisalimu amri kwa mafuta ya cherehani niliyoyakimbilia nyumbani. Ya pili ililia kama mlango wa jela, ikatoka. Ya tatu ilikatika kichwa, ikafia ukutani kishujaa, na imo humo hadi leo. Ya nne ilishindana na Fundi, na Mwenyekiti aliyemshika Fundi kiuno, na maneno makali yasiyofaa masikioni mwa darasa la tatu, lakini yakakaririwa nalo kwa usahihi. Kisha Mwalimu Mlingoti, pasipo kuombwa, akaubeba ubao kwa mikono yake mirefu, peke yake, akaushusha polepole mpaka penye alama ya mkaa.

"Hapa?" akauliza.

"Bado kidogo, mwalimu."

"Hapa?"

"Hapo."

Palipokuwa na ubao, ukuta ulionyesha mstari wa rangi ya zamani, rangi ambayo hakuna aliyekumbuka kwamba shule iliwahi kuwa nayo.

Ijumaa, kipindi cha kwanza, niliomba kuketi dawati la nyuma. Watoto waliitwa mmoja mmoja, kila mmoja akaiacha hesabu yake ubaoni isahihishwe, na ubao ukajaa kutoka kushoto. Kisoda aliitwa wa mwisho. Mia nne thelathini na nane, gawanya kwa sita. Akatazama: pote alipofikia pamejaa, ila pembe ya kulia, pale penye kisanduku. Akachukua dasta.

Akafuta.

Nilishika ukingo wa dawati. Yeye akaandika, akashusha, akatoa, akashusha tena, ulimi nje kidogo, mgongo umenyooka, hadi chini kabisa pakabaki sifuri, na juu pakakaa sabini na tatu.

"Kisoda," akasema Mwalimu Mlingoti, taratibu. "Hapo palikuwa pameandikwa nini?"

"Usifute, mwalimu."

"Na wewe umefanya nini?"

"Nimefuta. Nilitaka mahali."

Mwalimu Mlingoti akachukua chaki. Kisha yule ambaye hakuinama kwa mkaguzi wala kwa mvua akakunja goti moja, likalia. Akakunja la pili, likaitikia. Akafika chini kwenye sabini na tatu, akaweka alama ya vema, kubwa, yenye mkia mzuri.

Siku hiyohiyo, kwa amri ya Mwalimu Mkuu, iliandikwa katika kitabu cha kumbukumbu za shule, kwa wino wa bluu, kwamba ubao wa darasa la tatu umeteremshwa shibiri mbili kwa kushirikiana na wanafunzi. Akaweka sahihi yeye, akaweka Mwenyekiti, akaweka Fundi, aliyeandika tarehe ya kesho ikabidi asahihishwe, nami nikaweka jina langu lote, pasipo kugusa kidau cha wino wa dole gumba. Na ile karatasi ya choo chenye komeo nikaiingiza chini ya kalamu ya Mwalimu Mkuu kabla hajafunga kitabu.

Alasiri tuliingia sisi, darasa la watu wazima, tukabana magoti yetu katika madawati. Watoto walikuwa wamefuta hesabu zao zote wakaiacha ya pembeni. Mwalimu wetu akasema leo kuna nafasi, akachukua dasta, akaanza kushoto, akaja hadi pembe ya kulia.

Nikajikuta nimesimama.

"Hapo, mwalimu," nikasema, "usifute."

Akanitazama, akaitazama sabini na tatu. Hakuuliza kwa nini. Alichukua chaki akaichorea kisanduku, kisha akafuta kilichobaki, akiizunguka.